Tovuti ya biashara yako: Google Sites, Carrd, Wix, Squarespace, Shopify au WordPress?

Mama mmoja wa Tabata, muoka keki za harusi na sendofu, aliniita kwake Jumamosi moja. Shikamoo, marahaba, chai ikamiminwa, na swali likaja kabla sijakaa vizuri: "Mwanangu, tovuti shilingi ngapi?" Nikamwomba kwanza nione simu yake. Akacheka, akanipa. Oda zote zilikuwa WhatsApp: picha ya keki, "kilo mbili, vanila, Jumamosi saa nane", na chini yake picha ya ujumbe wa M-Pesa kuonyesha kwamba nusu ya pesa imeshaingia. Katika oda zote nilizopitia, hakuna mteja aliyeuliza kama anapokea kadi.

Binti yake alikuwa ameshamtajia Shopify. Fundi mmoja alimwambia WordPress, laki nane, "halafu utakuwa unalipia kidogo kila mwaka". Mpwa wake aliye chuoni alisema Wix ni bure. Wote watatu walisema kweli, ila hakuna aliyemuuliza anauzaje.

Kwa hiyo hapa sitalinganisha uzuri. Violezo vya kisasa, yaani zile sura za tovuti zilizotengenezwa tayari, karibu vyote vinapendeza, na kile utakachokipenda leo utakichoka mwakani. Nitaangalia pesa itakayotoka ndani ya miaka mitatu, mteja wako atakavyolipa, nani atabadilisha bei saa tatu usiku fundi akiwa hapokei simu, na siku ukitaka kuhama unaondoka na nini.

Hesabu ya miaka mitatu

Kampuni hizi hutangaza bei ya mwezi, lakini bei ile kubwa iliyoandikwa ukurasa wa mbele huwa ni ya anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyewahi kupanga Dar es Salaam anaijua lugha hii: chumba ni elfu hamsini kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi. Ukilipa mwezi kwa mwezi, bei inapanda. Pia domeni, yaani lile jina la anwani yako, mara nyingi hutolewa bure mwaka wa kwanza tu. Na wauzaji wa hosti, ile kompyuta inayokesha ikihifadhi tovuti yako, wana tabia ya kukupa punguzo kubwa mwanzoni, kisha mwaka wa pili bili inakuja mara mbili au zaidi. Bei ya kuitafuta ni ya kuongeza muda, na huwa imeandikwa kwa herufi ndogo.

Nimepiga hesabu kwa bei za soko la Marekani, anayelipa kwa mwaka. Kwako zinaweza kutofautiana, na kampuni nyingine huongeza VAT juu yake, asilimia 18 kwa Tanzania na 16 kwa Kenya.

| Zana | Miaka 3, bila domeni | Inamfaa nani | Ukihama |
|---|---|---|---|
| Google Sites | dola 0 | shule, kikundi, taasisi ndogo | unanakili kwa mkono |
| Carrd | kama dola 57 | ukurasa mmoja wa biashara | unaunda upya kwa jioni moja |
| WordPress.com, mpango wa chini | kama dola 144 | mwandishi, mtaalamu mmoja mmoja | unabeba karibu kila kitu |
| WordPress kwenye hosti yako | dola 120 hadi 200, bila fundi | anayetaka kukua | unabeba kila kitu |
| Squarespace, mpango wa chini | kama dola 576 | nyumba ya wageni, mpiga picha | unabeba sehemu |
| Wix Light | kama dola 612 | saluni, mwalimu, mshauri | tovuti haihamishiki |
| Shopify Basic | kama dola 1,044 | duka lenye oda za kila siku | unabeba bidhaa na wateja, si sura |

Mstari wa WordPress kwenye hosti yako ni makadirio yangu kwa hosti ndogo za huku kwetu. Na usidanganyike na Wix Light: mpango huo hauruhusu kupokea malipo mtandaoni. Ukitaka kuuza unapanda hadi Core, dola 29 kwa mwezi, na hapo mmeshalingana na Shopify Basic.

Dola moja tukiihesabu kwa shilingi 2,500 za Tanzania, Shopify ya miaka mitatu ni zaidi ya milioni mbili na laki sita. Carrd ni kama laki moja na elfu arobaini. Kwa anayeuza keki nne kwa wiki, tofauti hiyo ni oveni mpya.

Nyingi ya pesa hizi hulipwa kwa kadi. Kenya una kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, na Tanzania pia mitandao ya simu na benki hutoa kadi za mtandaoni. Tatizo halipo siku ya kwanza. Lipo mwaka mmoja baadaye, kampuni inapojaribu kukata pesa usiku na kukuta kadi haina kitu. Inakuandikia barua pepe, wewe barua pepe hufungui, na siku moja mteja anakwambia tovuti yako haipo. Weka kumbusho kwenye simu, wiki mbili kabla.

Za bure, na zilizo karibu na bure

Google Sites ni kama kuandika hati ya kawaida ya Google. Una akaunti ya Gmail? Unayo tayari. Unaweka maandishi, picha, ramani, fomu ya usajili, kalenda ya mikutano, unachapisha. Shule, kikundi cha vikoba, msikiti, kanisa, chama cha ukoo: kwa hawa huwa siwaambii watafute kingine. Unaweza hata kuunganisha domeni yako bila Google kukutoza. Sura yake ni ileile kwa kila mtu, duka haina, na ukitaka kuandika makala kila wiki itakuchosha.

Blogger ni mzee wa kazi, ya mwaka 1999, ikanunuliwa na Google mwaka 2003. Kizazi kizima cha wanablogu wa Tanzania, Michuzi akiwa mbele, kilikulia kwenye anwani za blogspot. Bado ni bure na bado inabeba makala vizuri, ila kama unaanza leo na unataka kuandika kwa miaka mingi, nenda WordPress. Na kama utakachoandika ni habari na matukio, ukiwa Tanzania, uliza kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. Kanuni hizo zilianza mwaka 2018 na zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo.

Tahadhari moja kuhusu vya bure. Google walikuwa na kurasa nyingine za bure, zile zilizojitengeneza zenyewe kutokana na taarifa za biashara yako kwenye ramani. Maduka mengi madogo yalizitegemea. Machi 2024 zikafungwa. Aliyekuwa na domeni yake aliielekeza kwingine siku hiyohiyo. Aliyekuwa amechapisha ile anwani ya Google kwenye kadi za biashara alibaki na kadi za kufungia vitumbua. Hata ukitumia zana ya bure, jina nunua mwenyewe, .co.tz au .co.ke au .com. Ni gharama ya chakula cha mchana cha watu wachache, mara moja kwa mwaka.

Carrd watu wengi hawaijui, nami naipenda kuliko inavyostahili pengine. Inatengeneza ukurasa mmoja tu, basi. Mpango wa bure upo, lakini ili uweke domeni yako unalipa kama dola 19 kwa mwaka. Ukurasa ni mwepesi, unafunguka haraka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na mtu hawezi kupotea ndani yake kwa sababu hakuna pa kupotelea. Biashara nyingi za mtaani zinahitaji vitu vitano: unauza nini, bei, picha, uko wapi, na kitufe cha WhatsApp.

Hapo kwenye kitufe ndipo nimeona makosa mengi kuliko mahali pengine popote. Kiungo kinaanza na wa.me/ kisha namba kwa mtindo wa kimataifa, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Namba ya 0754 inakuwa wa.me/255754 na kuendelea; ya Kenya inaanza 254. Ukiandika wa.me/0754, mteja anabonyeza, WhatsApp inamwambia namba si sahihi, anaondoka. Hakupigii kukuuliza. Nimewahi kukuta duka lililokaa na kitufe kibovu namna hiyo miezi minne, na mwenyewe analalamika kwamba tovuti hazileti wateja.

Na kuna ambao hawahitaji tovuti kabisa kwa sasa. WhatsApp Business ina katalogi ya hadi bidhaa 500, bure. Kama wateja wako wote tayari wanakujua, anza hapo, pesa ya tovuti nunulia mzigo.

Wix au Squarespace: nyumba ya wageni ya Jambiani

Kijana mmoja ana nyumba ya wageni ya vyumba vitano Jambiani, Unguja. Wageni wake, wengi Wataliano na Wajerumani, wanamfikia kupitia Booking.com, ambayo kamisheni yake kwa kawaida huzunguka asilimia 15. "Kaka, nataka mgeni anayerudi mara ya pili anifikie moja kwa moja," aliniambia. Hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuwa na tovuti: mgeni mmoja wa wiki nzima akija moja kwa moja, ada ya mwezi imerudi na chenji.

Tuliziweka Wix na Squarespace kwenye meza moja.

Wix, kampuni ya Israeli iliyoanza mwaka 2006, inakupa uhuru. Unaburuta kitu na kukiachia popote. Ina kila namna ya nyongeza: kalenda ya vyumba, miadi ya saluni, menyu ya mgahawa. Ina mpango wa bure, ila huo unakuja na tangazo la Wix juu ya ukurasa na anwani ndefu yenye neno wixsite ndani yake, kwa hiyo uchukulie kama uwanja wa mazoezi. Uhuru wenyewe ndio unaoponza watu. Unapanga vizuri kwenye kompyuta, ukifungua kwenye simu maandishi yamelalia picha. Lazima upange upya sura ya simu, na wengi hawafanyi. Halafu kuna mambo mawili yasiyotajwa kwenye matangazo: katika kihariri chake cha kawaida, kiolezo ukishakichagua hukibadilishi tena, labda uanze tovuti nyingine, na tovuti ya Wix haitoki Wix. Hakuna kitufe cha kupakua na kuipeleka kwingine.

Squarespace ya Marekani ni mwalimu mkali. Haina mpango wa bure, ina majaribio ya siku 14 tu. Haikuruhusu kuweka kitu popote, inakulazimisha kwenye mpangilio, na kwa sababu hiyo ni vigumu kutengeneza kitu kibaya. Picha zikiwa nzuri, tovuti ni nzuri. Kwa mpiga picha, mbunifu wa mavazi, hoteli ndogo, ningelipia hiyo. Ukihama, makala na kurasa za kawaida unaweza kuzitoa na kuzipeleka WordPress, japo vingine vinabaki nyuma.

Kisha tukagonga ukuta: malipo. Squarespace inapokea kupitia kampuni za malipo ya mtandaoni kama Stripe, PayPal na Square. Stripe haifungulii akaunti biashara iliyosajiliwa Tanzania wala Kenya. PayPal, ukiwa Kenya, unaweza kupokea na kuhamishia M-Pesa tangu mwaka 2018. Kwa Tanzania imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea. Yaani unalipia mwezi mzima duka lenye droo ya pesa iliyofungwa.

Yule kijana tulimfanyia hivi: tovuti ya Squarespace yenye picha zake, bei za msimu, na fomu ya kuulizia nafasi. Mgeni akiuliza, anajibiwa kwa barua pepe pamoja na kiungo cha malipo kutoka kampuni ya malipo ya hapahapa Afrika Mashariki (Pesapal na DPO zinafanya kazi hiyo muda mrefu na watu wa utalii wanazijua), au analipa akifika. Si maridadi kama kubonyeza na kumaliza, lakini wageni wa vyumba vitano unaweza kuwajibu kwa mkono. Ungekuwa na vyumba hamsini, ningekuambia achana na haya yote utafute mfumo halisi wa hoteli.

Shopify au WooCommerce

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua dada wa Mombasa anayeshona madera na kuyatuma Nairobi, Muscat na London. Oda kumi na tano kwa wiki, saizi nne, rangi nyingi. Huyu si wa Carrd. Anahitaji hesabu ya mzigo, gharama za kutuma kwa nchi, na risiti inayojituma yenyewe.

Shopify ilianzia Ottawa, Canada, mwaka 2006. Mwanzilishi wake alikuwa anauza mbao za kuteleza kwenye theluji mtandaoni, hakupata programu ya duka iliyomridhisha, akaandika yake. Unaona kabisa ilitengenezwa na muuza duka. Programu yake ya simu ni nzuri mno: oda inaingia, simu inalia, unapunguza mzigo, unaweka namba ya kifurushi, umekaa kwenye matatu. Seva, ulinzi na masasisho si kazi yako. Na maneno ya duka unaweza kuyabadilisha moja baada ya jingine, kile kitufe cha kununua kikasomeka "Weka kikapuni" badala ya Kiingereza.

Kasoro yake kwetu ni moja, ila nzito. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipo Kenya wala Tanzania. Ukiunganisha kampuni nyingine ya malipo, kwenye mpango wa Basic Shopify inakata asilimia 2 ya kila mauzo, juu ya kile ambacho kampuni ya malipo yenyewe inakata. Ukiuza milioni tano kwa mwezi, laki moja inaondoka hivihivi, mbali na ada.

Kuna upenyo ambao wengi hawauoni. Shopify haikati asilimia hiyo kwenye malipo ya mkono, yaani pesa taslimu, benki, au kulipa mzigo ukifika. Unaweza kuunda njia yako ya malipo ukaiita "Lipa kwa M-Pesa", ukaandika maelekezo na Lipa Namba yako, au till kwa Kenya. Mteja anamaliza oda, anaona namba, analipa, wewe unaona ujumbe, unabonyeza "imelipwa". Kwa oda kumi na tano za wiki, hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Wa Muscat na London wao wanatumia njia ya kadi, na asilimia 2 unaibeba kwa hao tu.

WooCommerce ni njia nyingine kabisa. Ni programu-jalizi (plugin, yaani nyongeza ya kupachika) ya bure inayogeuza WordPress kuwa duka. Haikati asilimia yoyote kwa ajili yake yenyewe. Kampuni za malipo za kwetu nyingi zina kiunganishi chake, na Kenya fundi anaweza kuunganisha moja kwa moja na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, ili mteja akibonyeza "lipa" kile kisanduku cha PIN kijitokeze kwenye simu yake. Mteja wa Nairobi ameshazoea hivyo. Akiambiwa anakili namba ya till kwa mkono, wengine hughairi hapo.

Kwa hiyo kwa bei, WooCommerce inashinda. Kwa usingizi, Shopify inashinda. WooCommerce ina WordPress chini yake, WordPress ina kiolezo, kiolezo kina programu-jalizi kumi na mbili, na kila kimoja kinataka kusasishwa. Siku kimoja kikigombana na kingine, ukurasa unakuwa mweupe, na ni wewe na fundi wako. Dada wa Mombasa nilimshauri Shopify yenye malipo ya mkono, kwa sababu anashona mwenyewe na hana mtu wa kompyuta. Angekuwa na mdogo wake anayejua kazi hizi, ningesema WooCommerce bila kusita.

WordPress ni mbili, na fundi naye

Watu huchanganya. WordPress.com ni huduma ya kampuni, wao wanatunza kila kitu, wewe unaandika. WordPress nyingine ni programu huria iliyoanza mwaka 2003. Unaipakua bure na kuiweka kwenye hosti yoyote. Hiyo ya pili ndiyo fundi anamaanisha, na ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Uzuri wake hauna mjadala: ukigombana na hosti, unafungasha na kuhama.

Lakini inataka mtunzaji. Niliwahi kuitwa na shule moja (haina haja ya kutajwa) ambayo ukitafuta jina lake Google, majibu yalikuja kwa Kijapani, yakitangaza viatu na mikoba. Tovuti yenyewe ukiifungua ilikuwa salama, mwalimu mkuu ameketi palepale na tai yake. Wadukuzi walikuwa wameingia kupitia programu-jalizi ambayo haikusasishwa tangu fundi akabidhi kazi, wakapanda maelfu ya kurasa za siri nyuma ya zile za shule. Kusafisha kulituchukua siku tatu, na hakukuwa na nakala rudufu hata moja.

Kama unachagua njia hii, weka kwenye makubaliano ya maandishi nani anasasisha kila mwezi, kwa shilingi ngapi, na nakala rudufu inakaa wapi. "Utanipigia tu likitokea tatizo" hayo si makubaliano.

Na domeni. Kuna muuza vipuri wa Kariakoo aliyekuwa na tovuti nzuri kwa miaka minne. Fundi wake alisajili domeni kwa barua pepe yake mwenyewe, labda bila nia mbaya, wengi wetu tumefanya hivyo kwa haraka. Fundi akapata kazi nje, namba ikabadilika, domeni ikaisha muda, mtu mwingine akaichukua. Tulijaribu kuidai, kila tulipouliza tulitakiwa kuthibitisha kwamba barua pepe ile ni yetu, na haikuwa yetu. Akafungua jina jipya. Hilo halikumuuma sana. Kilichomuuma ni Canter mbili za kusambaza mzigo, anwani ya zamani ikiwa imechorwa ubavuni kwa rangi ya gari, herufi kubwa kama mkono, zikizunguka mjini kutangaza ukurasa wa mtu mwingine.

Sajili kwa barua pepe yako, kwa jina la biashara yako, na nywila uwe nayo. Hili halina cha Wix wala WordPress.

Machache ya mwisho

Kama wewe mwenyewe unaandika msimbo wa kompyuta, GitHub Pages itahifadhi tovuti yako bure, na pengine umeshaacha kunisoma.

Akili mnemba: karibu zana zote sasa zinadai zitakutengenezea tovuti kwa dakika moja. Zinafaa kukupa umbo la kuanzia. Maandishi yake yafute. Nimesoma "Karibu katika ulimwengu wa ladha zisizosahaulika" kwenye tovuti ya mama lishe, na mteja alichokuwa anatafuta ni kama kuna makange Jumapili.

Picha: kabla hujailaumu zana yoyote kwa uzito, angalia picha zako. Mteja mmoja alilalamika Wix ni nzito. Nikaifungua kwa bando kwenye simu ya mdogo wangu, Itel ya miaka mingi, tukiwa Sinza: nikahesabu sekunde ishirini na kitu, picha inajifunua kutoka juu kama pazia. Alikuwa ameweka picha kumi na moja moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya simu, nyingine megabaiti nne. Wix hujaribu kuzipunguza, lakini nyingine hakuwa amezipachika kwa njia ya kawaida. Tukazipitisha kwenye Squoosh, zana ya bure ya Google inayofanya kazi ndani ya kivinjari, kila moja ikashuka chini ya kilobaiti mia mbili, na macho hayaoni tofauti. Tovuti ikafunguka kabla dogo hajamaliza kuniuliza kama nitamrudishia bando lake.

Mama wa Tabata alichukua Carrd na domeni yake. Picha tisa za keki, bei kwa kilo, ramani ya mtaa, kitufe cha WhatsApp ambacho tulikibonyeza wote watatu, kila mmoja kwa simu yake, kabla sijanyanyuka. Wiki tatu baadaye akanipigia usiku, mashine ya kuchanganyia ikivuma nyuma yake. Sukari imepanda, anataka kubadilisha bei. Nikamwambia afungue kompyuta ya binti, abonyeze ile namba, aifute, aandike mpya, halafu kitufe cha kuchapisha. Kimya kidogo.

"Kumbe ndio hivi tu? Haya mwanangu, usiku mwema, keki yangu inaungua."